Roki ya gitaa moja si ngeni Bonde la Ufa

MWANAMUZIKI wa Eldoret anayetaka kutoa albamu ya roki hana budi kuchagua mapema kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kupanda basi hadi Nairobi, kulipia studio kwa saa, kutafuta mpiga ngoma, mpiga besi na mtayarishaji, kisha kurudi nyumbani na deni. Ya pili ni kufunga mlango wa chumba chake, kuketi mbele ya kipaza sauti kimoja na kuimba huku akipiga gitaa lake, bila mtu mwingine.

Njia hii ya pili ndiyo inayozaa albamu ambayo wapenzi wa muziki huielezea kuwa imevuliwa mapambo. Ngoma hazimo, au zimo kidogo sana. Hakuna waitikiaji wala vinanda vya kujaza nafasi. Gitaa la umeme, ambalo kwa wengi ndilo roki yenyewe, huachwa pembeni na mahali pake hushikwa na gitaa kavu. Maneno nayo mara nyingi huhusu maisha ya watu wenye vitu vichache: shamba, kibarua, barabara ya vumbi, chakula cha jioni. Wanaotoa albamu za namna hii kwa kawaida hujitegemea, yaani hawana kampuni inayowagharimia na kuwaamulia.

Wapo wanaozidharau kazi hizi. Husema kwamba roki isiyo na ngoma ni ugali usio na kitoweo, na kwamba msanii hukosa fedha kwanza, kisha akaugeuza upungufu wake kuwa falsafa. Dai hilo ni kweli kwa nusu tu, na nusu hiyo inafaa kuchunguzwa. Usahili wa kuchagua na umaskini wa kulazimishwa huweza kusikika sawa masikioni mwa msikilizaji. Tofauti yake huonekana kwenye karatasi, pale inapoulizwa wimbo ni wa nani.

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa Bruce Springsteen. Mnamo Januari 1982 mwanamuziki huyo wa Marekani aliketi katika nyumba aliyokuwa amekodi huko Colts Neck, jimbo la New Jersey, akiwa na gitaa, harmonika, vipaza sauti viwili na mashine ndogo ya kaseti yenye uwezo wa kunasa sauti nne kandokando. Hakukusudia kutoa albamu. Alitaka tu kuwaonyesha wenzake wa bendi nyimbo mpya ili wajifunze. Bendi ilipozipiga studioni kwa nguvu zake zote, nyimbo zile za watu waliokosa kazi na waliopotoka zikapoteza uzito. Hatimaye ile kaseti, ambayo alikuwa akiibeba mfukoni bila kasha, ndiyo iliyogeuzwa kuwa albamu ya Nebraska, iliyotolewa Septemba 30, 1982. Mafundi walitaabika mno kuihamishia kwenye santuri, lakini ilifika nafasi ya tatu katika orodha ya mauzo ya Marekani. Mwaka 2025 ilitolewa filamu nzima kuhusu majuma yale ya upweke.

Ni vyema kukumbuka, hata hivyo, kwamba wakati huo Springsteen alikuwa tayari tajiri na mashuhuri, mwenye kampuni kubwa nyuma yake. Yeye aliamua kupunguza. Justin Vernon, anayejulikana kwa jina la Bon Iver, hakuwa na kampuni alipojifungia katika kibanda cha uwindaji cha baba yake huko Wisconsin majira ya baridi ya 2006 na 2007, baada ya ugonjwa na kuvunjika kwa bendi yake. Nakala 500 alizotoa mwenyewe mwaka 2007 ndizo zilizomfikisha kwa kampuni ndogo iliyoitoa upya kazi hiyo mwaka 2008.

Msomaji wa Eldoret huenda akaona kwamba hayo ni mambo ya mbali. Sivyo. Babu wa muziki huu alishaimbwa Bonde la Ufa kabla neno roki halijazoeleka hata huko kwao.

Babu huyo ni Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli wa Mississippi aliyeanza kurekodi Agosti 1927, sauti yake na gitaa lake tu, na kufariki kwa kifua kikuu Mei 1933. Ukumbi wa heshima wa roki nchini Marekani ulipowatambua watu wake wa kwanza mwaka 1986, Rodgers alikuwa miongoni mwao kama mmoja wa waliouchimbia muziki huo msingi. Sahani zake za santuri zilisafiri na walowezi na wamishonari hadi nyanda za juu za Kenya, ambako watu waliokuwa hawajui Kiingereza walimsikia akiimba kwa mtindo wake wa kupandisha sauti ghafla hadi juu puani.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akinasa muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet katika eneo la Kericho. Huko Wakipsigis walimwimbia nyimbo zilizotaja jina Chemirocha. Jina hilo halikuwa lingine ila Jimmie Rodgers, likiwa limesagwa na ulimi wa Kikalenjin na kupewa kiambishi chake. Rekodi iliyopendwa zaidi ni ya wasichana wakiimba kwa sauti nyembamba huku chepkong, zeze la nyuzi la Wakipsigis, ikiwafuata taratibu. Tracey aliandika kwamba Chemirocha alikuwa amefanywa kiumbe nusu mtu nusu paa, anayehimizwa na wasichana kuruka katika dansi hadi nguo zimtoke. Maelezo ya mgeni aliyekaa kwa muda mfupi yafaa kupokewa kwa tahadhari, kwani huenda waimbaji walikuwa wakimfanyia mzaha. Muziki wenyewe, hata hivyo, hauna utata. Zeze moja, sauti chache, hakuna kingine, na msikilizaji hahisi kwamba kuna kitu kilichopungua.

Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Ziliuzwa, zikasikilizwa na wapenzi wa muziki Ulaya na Marekani, zikasifiwa. Kapkatet hazikurudi. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla maktaba hiyo, ikishirikiana na shirika la Ketebul Music la Nairobi, kuanza mwaka 2014 kuzirejesha nakala kwa jamii zilizoimba, na baadhi ya waliorekodiwa wakiwa vijana wakapatikana wangali hai. Walikuwa wameishi maisha yao yote kwa urahisi, si kwa sababu walichagua hivyo baada ya kusoma kitabu, bali kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba sauti zao zilikuwa na bei.

Upande wa magharibi, ukitoka Eldoret kwa barabara ya Webuye, kulikuwa na mwalimu mwingine wa uchache. George Mukabi wa Kisa, Kakamega, aliyefariki mwaka 1963, aliueneza mtindo wa gitaa unaoitwa omutibo. Kidole gumba hupiga besi bila kupumzika, huku kidole cha shahada kikitembeza sauti ya wimbo kwenye nyuzi za juu. Mtu mmoja husikika kama wawili. Mwenzake hakuhitaji ngoma. Alichukua chupa ya soda ya Fanta yenye mistari ubavuni na kuikwaruza au kuigonga kwa chuma. Katika nyimbo kama Sengula Nakupenda na Mtoto si Nguo, chupa hiyo ndiyo ngoma nzima. Watu wa rika lake walikuwa wamemsikia pia Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Tracey alimrekodi mwaka 1952 na ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 aliletwa Nairobi kutangaza dawa ya Aspro. Baada ya hapo gitaa la umeme na benga vilichukua nafasi, na gitaa kavu likaonekana la kishamba. Mwaka 2017, miaka 54 baada ya kifo chake, kazi za Mukabi zilikusanywa na kampuni ndogo ya Marekani katika albamu yenye jina Furaha Wenye Gita. Wageni wakashangaa, kana kwamba zilikuwa zimefichwa.

Ila mtu anayekaribia zaidi kile ambacho kijana wa leo anakitafuta ni Ayub Ogada. Huyu hakuanza na usahili. Alianza na roki. Katikati ya miaka ya 1970, akijulikana kwa jina la Job Seda, alikuwa katika Black Savage, bendi ya vijana wa Nairobi iliyopiga gitaa la umeme na kuimba mambo ya siasa na mji. Baadaye alishiriki kuunda African Heritage Band. Mwaka 1986 akaenda London na nyatiti, zeze la nyuzi nane la Wajaluo, akapiga katika vituo vya treni za chini ya ardhi mbele ya wapita njia. Ni huko alikosikika na watu wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1993 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na Peter Gabriel, ikatoa albamu yake En Mana Kuoyo. Tafsiri yake ni "ni mchanga tu".

Mtu akiisikiliza albamu hiyo baada ya kazi za Black Savage atadhani ni watu wawili tofauti. Kelele zote zimeondolewa. Zimebaki nyatiti, sauti isiyoharakishwa na midundo midogo ya hapa na pale. Lakini wimbo Kothbiro, maana yake "mvua inakuja", umo pande zote mbili: Black Savage waliupiga kama bendi, na Ogada akaupiga tena katika uchi wake. Toleo hilo la pili lilitumika katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Toleo la bendi lilikatwa na kutiwa katika wimbo Yikes wa Kanye West mwaka 2018, na majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada yakaandikwa miongoni mwa watunzi. Ogada alifariki Februari 1, 2019, nyumbani kwake Nyahera karibu na Kisumu.

Ukilinganisha Kothbiro na Chemirocha, zote mbili ni nyimbo za vyombo vichache zilizovuka bahari. Moja ilivuka ikiwa na majina ya wenyewe, na hata msanii tajiri wa Chicago alipoitumia alilazimika kuyataja. Nyingine ilivuka ikiwa mali ya aliyebeba mashine.

Hapa ndipo albamu ya gitaa moja inapokuwa na faida ambayo wanaoidharau hawaioni. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili. Ipo haki ya utunzi, yaani maneno na mahadhi, ambayo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ipo pia haki ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku ile, ambayo hudumu miaka 50 tangu kumalizika kwa mwaka wa kurekodiwa. Haki hizi si lazima ziwe za mtu mmoja. Msanii anayeingia studio ya mtu bila mkataba, akapewa midundo iliyotengenezwa na mtayarishaji na sauti za waitikiaji wa kukodi, huweza kutoka na wimbo wenye wamiliki wanne wasiojua kila mmoja ana kiasi gani. Ugomvi hauzuki siku hiyo. Huzuka wimbo unapopendwa.

Aliyetunga mwenyewe, akapiga mwenyewe na kurekodi kwa mashine yake mwenyewe huwa na haki zote mbili mkononi. Sheria humlinda tangu kazi inapohifadhiwa katika umbo linaloweza kusikika tena, hata kabla ya kuiandikisha, ingawa kuiandikisha na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya humpa ushahidi akishtakiwa au akitaka kushtaki.

Kumiliki si kulipwa, bila shaka. Spotify ilifika Kenya Februari 2021 na kumwezesha hata mkazi wa kijiji cha Moiben kuuza wimbo wake popote duniani. Lakini tangu mwaka 2024 kampuni hiyo hailipi chochote kwa wimbo uliosikilizwa chini ya mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. Kwa msanii wa roki tulivu inayoimbwa Kikalenjin au Kiswahili, idadi hiyo si ndogo. Miito ya simu imekuwa na tumaini zaidi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka kwamba mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito hiyo. Asilimia 52 inayogawanywa kwa mtu mmoja ni tofauti kabisa na asilimia hiyo hiyo ikigawanywa kwa watu sita na mwenye studio.

Eldoret, ambao ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, una sababu yake ya kuuelewa uchache. Nje ya jiji iko kambi ya Kaptagat, ambako Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki wa marathoni wa mwaka 2016 na wa michezo ya Tokyo, aliishi kwa miaka mingi siku za juma mbali na familia yake, akishika zamu ya kusafisha vyoo kama wakimbiaji wengine wasiojulikana. Alikuwa na uwezo wa kuishi vingine. Hakuna aliyewahi kusema kwamba alikimbia vizuri kwa sababu alikosa fedha za kununua starehe. Mkimbiaji akipunguza vitu, watu humwita mwenye nidhamu. Mpiga gitaa akifanya hivyo huitwa fukara. Labda ni kwa sababu mkimbiaji ana saa ya kumpima na mwanamuziki hana.

Kisichofaa ni kuyapamba maisha magumu. Zipo nyimbo nyingi zinazousifu ukulima mdogo na kibuyu cha mursik kana kwamba bei ya mahindi na ya mbolea si sehemu ya maisha hayo. Albamu ya maisha sahili isiyotaja mambo hayo ni picha ya mtalii. Nebraska ilidumu kwa sababu watu wake walikuwa na madeni.

Kuhusu kazi yenyewe ya kurekodi, mwenye kuianza asidhani ni nyepesi. Katika bendi kamili ngoma hushikilia mwendo, besi hujaza sakafu ya sauti, nalo gitaa lenye mkwaruzo hufunika kasoro nyingi za mwimbaji. Vitu hivyo vikiondolewa, hata pumzi husikika, na kidole kinachoteleza kwenye uzi husikika pia. Kompyuta inaweza kukata sauti vipande na kuirekebisha noti moja moja, lakini sauti na gitaa vikinaswa pamoja kwa kipaza sauti kimoja, haiwezekani kukigusa kimoja bila kukiharibu kingine. Dawa ni kurudia wimbo mzima, tangu mwanzo hadi mwisho, mara kumi au ishirini, hadi upatikane ulio hai.

Vifaa vinavyohitajika ni kompyuta, kisanduku kidogo cha kuiunganisha na kipaza sauti, gitaa lenye nyuzi mpya na blanketi mbili tatu za kutundika ukutani ili sauti isirudi kama iliyo kisimani. Umbali wa kipaza sauti ni wa kujaribiwa. Kikisogezwa karibu na tundu la gitaa, besi huvuma na kuyameza maneno. Kikiinuliwa usawa wa kidevu, sauti hutangulia na gitaa hukaa nyuma yake. Matatu na bodaboda hupungua baada ya saa tano usiku.

Adui mkubwa zaidi wa kazi hii Eldoret ni paa. Jiji hilo liko mita zipatazo 2,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake huanza Machi na huweza kuendelea hadi Septemba, na nyumba nyingi zimeezekwa mabati. Mvua ikipiga mabati, kipaza sauti hakinasi kitu kingine. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo inayofaa zaidi. Atakayeanza Aprili ajiandae kufanya kazi usiku wa manane, baina ya mvua moja na nyingine.